Mpira wa Shingoni: Niliyojifunza Bakteria Walipoingia Kwenye Damu Yangu

Naandika haya kwa mgonjwa wa figo aliyewekewa mpira shingoni wiki hii, yaani bomba laini la kusafishia damu, na kwa mke, mume au mtoto anayemsindikiza hospitali. Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na figo zangu ziliharibiwa na presha ya miaka mingi. Sisi tulio kwenye mashine ya kusafisha damu tunahubiriwa sana kuhusu chumvi, maji na ndizi. Kuhusu mpira tunaambiwa neno moja tu: usiuloweshe. Neno hilo halitoshi. Mpira wangu ulipitisha bakteria hadi kwenye uti wa mgongo, na nimehudhuria mazishi ya watu ambao homa yao ilianza kama yangu.

Nilianzishwa mashine kwa dharura. Miguu na uso vilikuwa vimevimba, nikilala chali pumzi inakata, nikakimbizwa hospitali usiku. Daktari akasema kreatinini, uchafu wa damu ambao figo hutakiwa kuutoa, imepanda mno na madini ya potasiamu yanatishia moyo, hakuna kusubiri asubuhi. Wakanichoma ganzi kwenye kinena wakaingiza mpira wa kwanza. Siku chache baadaye wakautoa na kuniwekea mwingine shingoni, upande wa kulia, kwa sababu pale kinenani ni karibu na sehemu za siri, panaloa jasho na kushika uchafu upesi. Kama wewe au ndugu yako amewekewa wa kinenani na amesharuhusiwa kutembea, ulizeni mapema unahamishwa lini.

Mpira wa shingoni una mikia miwili inayoning'inia nje, mmoja una klipu nyekundu, mwingine ya buluu. Kwenye nyekundu damu inakwenda kwenye mashine, kwenye buluu inarudi ikiwa imesafishwa. Cha kutisha ni upande usioonekana. Mpira umepita ndani ya mshipa mkubwa, na ncha yake imekaa jirani kabisa na chumba cha juu cha moyo. Bakteria akipata upenyo pale kwenye kifuniko, hana ngozi ya kupenya. Ameshafika kwenye damu, na moyo wenyewe unamsambaza mwili mzima. Jambo hili nilielezwa baadaye sana, nikiwa nimelazwa wodini. Ningependa kila mgonjwa aelezwe siku ileile anayowekewa.

Kuna mpira wa muda na mpira wa kudumu. Wa muda unaingia moja kwa moja kwenye mshipa na kushonewa kwenye ngozi kwa uzi. Umekusudiwa kwa siku, au wiki mbili hivi. Wa kudumu unapitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua, na una kipande kidogo cha kitambaa ambacho nyama hukua na kukishika, hivyo njia ya bakteria kutoka nje inazibwa kiasi. Mimi nilibaki na wa muda kwa miezi kwa sababu wa kudumu, pamoja na gharama za kuuweka, ulizidi milioni moja, na hela hiyo ilikuwa imekwishaliwa na mashine. Nilikuwa nasafishwa mara mbili kwa wiki, badala ya tatu nilizoandikiwa, kwa laki mbili na kidogo kila mara. Kwa mwezi ni karibu milioni mbili. Fundi wa Kariakoo hashoni nguo za milioni mbili kwa mwezi. Nikauza overloki, ikafuata cherehani moja kati ya mbili, kisha kiwanja cha Chanika.

Hapa naomba niseme jambo la fedha kabla sijasahau: nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali mapema, kabla hujauza kila kitu. Beba barua ya serikali ya mtaa na karatasi za daktari. Mke wangu alikwenda tukiwa tumeshachelewa, na bado alisaidiwa sehemu ya gharama. Wengi tunaona aibu kupanga foleni ile, na aibu hiyo inatugharimu viwanja.

Maisha na mpira shingoni katika joto la Dar ni kazi. Mwezi wa Februari jasho linashuka toka kichwani, plasta inabanduka kabla ya saa sita mchana, na chini yake ngozi inawasha kiasi cha kukutia wazimu. Usikune. Ukikuna unafungua vijeraha pale pale mpira unapoingia. Bandeji ikilowa au ikibanduka, isisubiri siku ya mashine: piga simu kitengo chako, nenda wakakubadilishie. Mimi nilikuwa natembea na gozi safi iliyofungwa na plasta mkobani, ili bandeji ikibanduka mbali na hospitali nipafunike wakati natafuta usafiri. Kuoga ni kuanzia kifuani kwenda chini kwa maji ya ndoo. Kichwa na shingo ni kitambaa kilichokamuliwa. Bahari sahau. Kwenye daladala la Mbagala usisimame katikati ya watu wanaoning'inia, maana mkono wa mtu au mkanda wa begi ukinasa mkia wa mpira utauvuta. Shati la vifungo mbele ndilo la kuvaa siku ya mashine, na mimi nilijishonea mashati yenye kola pana na kitambaa laini ndani ili mikia isisuguane na shingo. Nimewashonea wenzangu kadhaa pia.

Lakini bakteria wengi hawaingilii kwenye ndoo ya kuogea. Wanaingia wakati mpira unafunguliwa. Kila unapounganishwa na mashine na kila unapotolewa, vile vifuniko viwili vinafunguliwa, na huo ndio wakati wa hatari. Karibu mtu mmoja kati ya watatu ana bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, kwa kifupi staf, ndani ya pua bila kuumwa chochote. Ndiyo maana muuguzi anatakiwa avae barakoa, na wewe mgonjwa pia uvae, ugeuzie uso upande wa pili, usiongee wala kukohoa mpaka amalize. Anatakiwa anawe mikono, avae glavu safi, asugue ncha za mpira kwa dawa na kuziacha zikauke, ndipo aunganishe. Kitengo kikizidiwa wagonjwa, na vyetu vingi vinazidiwa, hatua hizi ndizo zinazorukwa. Nimewaona wauguzi hodari, wanaotupenda, wakikimbia kutoka kitanda hadi kitanda na glavu zilezile kwa sababu wako wawili na mashine zinalia pande zote. Mwambie kwa heshima: "Sista, samahani, naomba unisaidie kubadili glavu." Hakuna aliyewahi kunifokea kwa hilo. Mmoja alinishukuru.

Sasa nieleze homa yenyewe.

Siku hiyo nilifika nikiwa mzima kabisa. Kama nusu saa baada ya mashine kuanza kuzunguka, baridi ikanishika kutoka mgongoni. Nilitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele na meno yakagongana. Nikafunikwa mablanketi, nikapewa panadoli, mtu akasema labda mashine imewekwa baridi. Mpaka jioni nilikuwa nimetulia, nikala wali na samaki, nikalala. Siku zilizofuata sikuumwa. Nikarudi kwenye mashine, mambo yakawa yaleyale: nusu saa, baridi, tetemeko, halafu joto kali.

Mtindo huo ndio dalili yenyewe. Homa inayokuja ukiwa kwenye mashine na kupungua ukiwa nyumbani inakuelekeza kwenye mpira. Bakteria wamejibandika ndani ya mpira na kujitengenezea utando. Aliyetumia dumu la maji mwaka mzima anaujua ule utelezi wa ndani: unasuuza, maji yanatoka meupe, utelezi haubanduki. Mashine ikianza kuvuta na kusukuma damu kwa nguvu, vipande vya utando vinang'oka na kumwagika kwenye mwili. Mashine ikizimwa, mwili unajikongoja na kuwapunguza waliomwagika, nawe unadhani umepona, kumbe kiwanda kiko palepale shingoni.

Lakini tuko Dar. Mtu akitetemeka, ni malaria. Shemeji alinipeleka duka la dawa, wakanitoboa kidole, kipimo kikasema hakuna malaria, na bado nikauziwa dawa ya mseto "kwa tahadhari", pamoja na vidonge vya antibiotiki, nusu dozi kwa sababu hela ilikuwa nusu. Mtu mwingine akasema ni UTI, wakati mkojo wenyewe nilikuwa siupati hata nusu kikombe kwa siku. Ndugu zangu walikuwa wananihangaikia kwa upendo, kila mmoja na dawa yake. Kumbe vile vidonge vilifanya jambo baya zaidi kuliko kutoniponya: vilificha ugonjwa kwenye vipimo.

Halafu ikaja zahanati. Nilikuwa nimelegea, nesi akatafuta mshipa mkononi akaukosa, akaona ile mikia miwili shingoni, akafungua mmoja na kunitundikia dripu humo. Naomba kila anayesoma alishike hili kwa nguvu zote: mpira wa kusafishia damu haufunguliwi na mtu yeyote asiye wa kitengo cha kusafisha damu. Hautumiki kwa dripu, hautumiki kutolea damu ya vipimo vya kawaida, hautumiki kwa sindano ya homa. Kila ufunguzi ni mlango wa ziada kwa bakteria. Pia ndani ya mikia ile huachwa heparini nzito ya kuzuia damu isigande. Mtu asiyejua akiisukuma yote mwilini unaweza kutokwa damu ovyo. Na dripu yenyewe, kwa mtu ambaye figo hazitoi maji, inaweza kumzamisha mapafu. Mgonjwa akiwa amezidiwa hawezi kubishana, kwa hiyo anayemsindikiza ndiye awe na sauti. Mke wangu sasa ana karatasi iliyolaminishwa, imeandikwa kwa herufi kubwa: MPIRA HUU NI WA KUSAFISHIA DAMU TU, na namba ya simu ya kitengo.

Baada ya dripu ile hali ilibadilika haraka. Homa haikusubiri tena mashine. Mgongo ukaanza kuuma chini ya kiuno, maumivu ya kina ambayo kulala hakuyatulizi. Usiku mmoja nikaanza kuwaita watoto kwa majina ya ndugu zangu waliokufa. Mke wangu hakungoja kuche, akatafuta bajaji.

Daktari wa zamu alinikagua shingo, akabonyeza pembeni ya mpira, usaha ukatoka. Wakati mwingine hakuna usaha wala wekundu wowote, shingo inaonekana safi kabisa na damu imejaa bakteria, kwa hiyo usijifariji kwa kutazama kioo. Wazee na wenye kisukari wanaweza hata wasipate homa. Wanakuwa wachovu tu, hawataki kula, presha inashuka. Kabla ya kunipa dawa yoyote, aliagiza damu ikaoteshwe, yaani ikae maabara waone bakteria gani anakua: chupa kutoka mkononi na chupa kutoka kwenye mpira. Shemeji alilalamika kwamba mgonjwa anakufa na hawa wanacheza na chupa. Lakini ile ndiyo iliyoniokoa. Damu ikichukuliwa baada ya antibiotiki, bakteria wanaweza kukataa kuota, na daktari anabaki anabahatisha dawa. Chupa zangu za kwanza hazikuota kitu, na daktari alishuku vile vidonge vya dukani. Akarudia. Safari hii ikaota staf, na majibu yakaonyesha dawa zipi zinamuua na zipi amezizoea. Nilizonunua dukani zilikuwa kwenye orodha ya alizozizoea.

Wakautoa mpira. Dawa peke yake mara nyingi haiwezi kuusafisha ule utando, hasa bakteria akiwa staf. Nikakaa siku kadhaa bila mpira wowote ili damu itulie kabla ya kuwekewa mwingine upande wa kushoto. Siku hizo zilikuwa za hofu kuliko zote, kwa sababu bila mpira hakuna mashine, na bila mashine potasiamu inapanda kimyakimya. Wageni walinijia na madafu, machungwa na ndizi mbivu, kama kawaida yetu ya kumtazama mgonjwa. Vyote vina potasiamu nyingi. Mke wangu alivipokea kwa shukrani na kuvigawa wodini kwa wasio na tatizo la figo. Mimi nilikuwa nakula wali mkavu kidogo na kuhesabu mafunda ya maji.

Dawa niliyoandikiwa ilikuwa antibiotiki iitwayo vankomaisini. Haikuwepo dirishani, tukanunua nje. Uzuri wake kwa watu wa figo ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, hivyo inatolewa siku za mashine tu, kwenye saa ya mwisho, kupitia mashine yenyewe. Hakuna haja ya kutobolewa kanula, kile kibomba cha kwenye mshipa, kila siku na kuharibu mishipa utakayoihitaji baadaye. Ikipitishwa haraka mwili unawasha na kuwa mwekundu. Ukihisi hivyo mwambie muuguzi apunguze mwendo. Mwanzoni, kabla majibu hayajatoka, nilipewa pia antibiotiki nyingine, jentamaisini, na hiyo nayo ina lake: masikio yakianza kuvuma au kizunguzungu kikikushika, sema siku hiyohiyo, kwa sababu usikivu ukiondoka unaweza usirudi.

Nilipimwa moyo kwa ultrasaundi, maana staf hupenda kujibandika kwenye vali, yaani vile vimilango vya moyo. Vali zilikuwa salama. Mgongo haukuwa salama: kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili, kilionyesha bakteria wameshaingia kwenye pingili mbili. Badala ya wiki mbili tatu za dawa, nikaandikiwa wiki sita. Kipimo, dawa, mpira mpya, kitanda, nauli za bajaji, vyote pamoja vilipita milioni nne. Ukoo ulichanga kwenye kundi la simu. Kila jina lilipoingia na elfu kumi yake nililia, kwa shukrani na kwa kujiona mzigo. Sikumwambia mtu wakati ule. Nawaambia sasa kwa sababu najua kuna anayelia hivyo leo, naye anadhani yuko peke yake.

Kitanda cha pili kutoka changu palikuwa na kijana, dereva wa bodaboda, mcheshi, mpira shingoni kama mimi. Alitetemeka kwenye mashine mara kadhaa, kila mara akapewa panadoli, akarudi kazini. Aliletwa akiwa hajitambui, vali ya moyo imeliwa. Hakumaliza wiki. Naomba mgonjwa yeyote anayetetemeka kwenye mashine asikubali panadoli iwe mwisho wa habari. Uliza: "Daktari, mmeotesha damu?" Na ukimwona mwenzako kitanda cha jirani anatetemeka, mwulizie wewe.

Kutoka hapo nilielekeza nguvu zote kwenye fistula ya mkono. Daktari wa upasuaji anaunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) karibu na kiwiko au kifundo cha mkono, damu ya ateri inaitanua ile vena mpaka inakuwa nene na ngumu kiasi cha kuchomwa sindano za mashine. Njia hii ilielezwa na madaktari wa New York mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo inayopata bakteria mara chache kuliko zote, kwa sababu hakuna kitu kigeni kinachobaki kimetokeza nje ya ngozi. Nilikuwa nimeambiwa mtaani kwamba mkono utapooza. Kwa fundi cherehani, hilo ni kusema utakufa njaa. Daktari alichagua mkono wa kushoto kwa kuwa nakata kitambaa kwa wa kulia, akapima mishipa kwa ultrasaundi, akanichoma ganzi ya pale pale, nikarudi nyumbani jioni. Mkono haukupooza. Kuna wanaopata ganzi na baridi vidoleni, na hao warudi kwa daktari haraka. Mimi nilipewa kimpira laini cha kubonyeza kila siku, na baada ya miezi miwili na ushei fistula ikawa tayari.

Fistula ikishafanya kazi vizuri, mpira utolewe. Nimeona watu wakikaa nao kwa wiki nyingi za ziada "kwa usalama", na usalama huo haupo.

Fistula nayo ina masharti. Nikifika kitengoni nanawa mkono wote kwa sabuni kabla ya muuguzi kunigusa. Sindano zinahamishwahamishwa, pakichomwa sehemu moja kila siku ngozi inachoka na bakteria wanapata shimo. Magamba ya vidonda vya sindano siyabandui. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi. Kila asubuhi nauwekea vidole nisikie mtetemo. Siku usipousikia, nenda hospitali siku hiyo, usisubiri kesho. Nimehamishia pasi ya mkaa kwa kijana wangu wa kazi kwa sababu siwezi kubeba uzito kwa mkono ule, lakini kushona nashona.

Kwa ninyi mlio kliniki ya figo na hamjaanza mashine, ambao kila mwezi daktari anawaambia kreatinini imepanda kidogo: hiyo miezi mliyo nayo ndiyo sikuwa nayo mimi. Ombeni rufaa ya fistula sasa. Chagueni mkono msioutumia sana na mkatae kanula na sindano za vipimo kwenye mkono huo, mkiomba watumie mgongo wa kiganja cha mkono wa pili. Upasuaji wangu wa fistula haukufika hata nusu ya nilichotumia kwa homa ile, na nilioulizia katika hospitali nyingine walinitajia bei zinazokaribiana na hiyo.